Punda Amehamia Kwenye Kivinjari

Mwende, rafiki yangu,

Punda anatembea kwenye simu.

Nimeona nikuambie hilo kwanza, kabla ya salamu, maana hukuwa na subira ya salamu za watu wa Amu. Asubuhi tukikutana, mimi nikianza kuuliza habari za nyumbani, za kulala, za kazi, za mwili, wewe ulikuwa unangoja nimalize kama mtu aliyesimama chini ya paa akingoja mvua ipite. Kisha unasema, "Zote nzuri, Zena. Sasa sikia."

Basi leo sikia wewe. Punda wetu, aliyefungiwa miaka yote ndani ya zile kompyuta nzito za maabara ya shule, sasa anafunguka kwenye kivinjari. Mtu anaandika anwani, anagusa, anamkuta amesimama katikati ya mtanga, ule mchanga wake, masikio juu, anangoja kuambiwa. Anafunguka kwenye simu ya mume wangu. Anafunguka kwenye tableti za shule. Juzi nimemfungua kwenye kompyuta ya mezani ya hoteli moja kule Ras Kitau nilipokwenda kuwarekebishia ukurasa wao wa kuagizia vyumba, na mpishi akaacha kukata vitunguu akaja kumtazama.

Nimekaa dukani naandika haya nikicheka peke yangu. Mteja aliyekuja kupiga fotokopi ya kitambulisho ameniangalia vibaya.

Watoto wapya wakiniuliza Punda alianzaje, huwasimulia siku uliyoingia hapa dukani mara ya kwanza. Ulikuwa mwalimu mgeni wa hesabu kutoka bara, ukitaka kuchapisha mtihani, na bega lako zima lilikuwa jeupe kwa chokaa ya ukuta. Nikakuuliza kama umeanguka. Ukasema hapana, umepishana na punda aliyebeba mawe kwenye kichochoro, naye hakuonyesha nia yoyote ya kukupisha. Kisha, badala ya kulalamika kama wageni wengine, ukasema, "Lakini umewahi kumtazama anavyokata kona? Pembe mraba kamili. Watoto wangu hawaelewi pembe, na kila siku wanatembea nyuma ya anayezijua."

Mtihani ukachapishwa, lakini hukuondoka. Ulikalia kile kigoda changu kibovu ukaanza kunieleza lugha ya kuandikia programu uliyoitaka, lugha ndogo ya Kiswahili kwa watoto wa shule ya msingi. Upande mmoja wa dirisha mtoto anaandika amri. Enda hamsini. Pinda kushoto. Rudia. Upande wa pili punda anatii, anatembea kwenye mtanga na kuacha alama za kwato, na zile alama ndizo picha. Mtoto akikosea, punda analia, na chini yanatokea maneno: Sijaelewa, niambie tena.

Wewe uliandika lugha, mimi nikachora punda. Nilimchora vizuri, mwembamba, mwenye shingo ya heshima, ukamkataa. "Ongeza masikio," ukasema. "Nataka aonekane anasikiliza." Na ile sauti yake je? Tulisimama mbele ya punda wa jirani yangu asubuhi nzima, simu mkononi tayari kumrekodi, tukimbembeleza alie. Akatutazama tu. Tulipokata tamaa na kutia simu mfukoni akalia mpaka bibi wa ghorofani akafungua dirisha. Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka tukainasa. Nakumbuka ulikuwa umeanza kumwita Mheshimiwa.

Wala hujasahau, natumaini, ugomvi wetu wa kivinjari. Mimi riziki yangu ni kurasa za intaneti, kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nakuambia tumtoe Punda kwenye zile mashine, tumweke kwenye kivinjari, kila mwenye simu amwone. Ulikuwa unavuta midomo. "Kivinjari ni cha wageni wanaotafuta vyumba. Programu ya kweli ina dirisha lake." Ukiona sijanyamaza unaongeza ile sababu yako ya pili, ambayo sikuwahi kuipatia jibu: "Na intaneti ikikatika, mtoto afanye nini? Amtazame punda aliyekufa?" Na kweli, hapa kwetu mtandao unakatika hata wingu likipita.

Kisha ukaugua.

Ulikwenda Nairobi kwa matibabu ukasema utarudi kabla shule hazijafunguliwa. Uliacha kikombe chako kwenye rafu yangu, kile chenye picha ya twiga. Shule zikafunguliwa. Sitaandika zaidi hapa, Mwende. Uliyaona mwenyewe, na mimi bado sijapata maneno yake. Nilikuja kuandika habari njema, acha niandike habari njema.

Baada yako darasa la kompyuta liliendelea kwa muda, kisha mashine zikaanza kuzimika, leo moja, kesho nyingine. Mwalimu mkuu, Bwana Shee, akaniita shuleni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi. "Zena," akasema, "mashine hizi zishachoka. Twaletewa tableti, na hizi zitachukuliwa. Nimejaribu kumtia Punda kwenye tableti moja ya mfano, hataki kuingia." Nikamwambia hawezi kuingia, ametengenezwa kwa kompyuta za aina nyingine kabisa, ni kama kutaka kutia mlango wa nyumba moja kwenye fremu ya nyumba nyingine. Akazitazama zile mashine. "Basi mashine zikitoka, naye ndiyo atoka?"

Ndipo nilipompigia dada yako Kasyoka. Nilikuwa naogopa, maana kumpigia mtu aliyefiwa kumwomba kitu cha marehemu si jambo dogo. Nilizunguka na maneno mpaka yeye mwenyewe akanikatiza, kwa sauti yako kabisa. "Unataka laptopu yake. Sema tu. Nikikaa nayo hapa nitakuwa naipangusa vumbi." Aliifunga ndani ya leso, ndani ya katoni, ndani ya gunia, akaitia kwenye basi. Mume wangu Swaleh aliifuata Mokowe na boti yake, akaivusha ameipakata mapajani kama mtoto mchanga. Hakuiweka chini hata mara moja. Alisema ameona tone la maji limeruka upande wake na akajigeuza yeye likampiga mgongoni.

Nikaifungua. Na humo ndani, katikati ya mistari ya programu, nikakukuta. Kila baada ya hatua kadhaa umeacha neno kwa Kiswahili, la kumweleza atakayesoma. Mahali pamoja umeongeza moja kwenye hesabu bila sababu ninayoiona, na pembeni umeandika: "Zena akiuliza kwa nini, mwambie aondoe aone." Niliondoa. Miguu ya nyuma ya Punda ikabaki nyuma na Punda akaenda na ya mbele. Nikairudisha ile moja mahali pake, nikaomba radhi kwa sauti, Swaleh akaniuliza kutoka chumba cha pili naongea na nani.

Kazi yenyewe nilidhani nimeielewa. Programu yako ina akili na ina uso. Akili ni lugha yenyewe, inayosoma amri za mtoto na kujua maana yake. Uso ni dirisha, vitufe na mtanga. Nikajiambia nitaibeba akili kama ilivyo, nitaishonea uso mpya wa kivinjari, na mwezi hautaisha. Ulikuwa umenificha jambo, mwenzangu. Akili na uso ulivitia kwenye sufuria moja. Akili ikisoma "enda hamsini" ilikuwa inaliamrisha dirisha lenyewe: msogeze punda, na sote tungoje hapa mpaka afike. Punda akishafika, ndipo inasoma amri inayofuata. Kwenye kompyuta za maabara hilo halikuwa na taabu. Kivinjari hakikubali. Ukikiambia kingoje, kinangoja kweli, ukurasa mzima unaganda, vitufe havibonyezeki, punda amesimama mguu mmoja juu. Nilipoondoa kungoja, ikawa mtoto anabonyeza "anza" na picha inatokea nzima mara moja, na punda yuko mwisho wa ndia, njia yote imekwisha, bila kutembea. Picha ilikuwa sahihi kabisa na haikuwa na maana yoyote. Wewe ulitaka watoto wamwone akitembea.

Nilikwama hapo muda mrefu. Nilikuwa nafanya kazi chumba cha juu baada ya sala ya alasiri, upepo ukiingia, na kila siku nikishuka Swaleh ananitazama usoni na kunisogezea chai.

Aliyenikwamua ni mtu ambaye nilikuwa nimejiandaa kutompenda. Shule ilileta mwalimu mahali pako, kijana kutoka Kisumu, Mwalimu Otieno. Anakaa kwenye meza yako. Ametundika kalenda ya timu ya mpira pale ulipokuwa umetundika ramani. Nilijitahidi kumnunia kwa wiki nzima, nikashindwa, maana ni mchekeshaji na anakunywa chai yangu bila kuulizwa sukari ngapi. Alichukua tableti yenye kazi yangu, akabonyeza, ikaganda. "Madam Zena," akasema, "hii kitu inahang."

Nikamwambia najua. Nikamweleza kisa chote: akili inaamrisha, akili inangoja punda afike, kivinjari hakitaki kungoja. Akasikiliza, akakuna kichwa. "Kwani ni lazima hiyo akili ijue punda amefika? Si inyamaze tu, iulizwe?"

Nikaweka kikombe chini.

Mwende, hapo ndipo. Akili isimwamrishe mtu. Itoe hatua moja, inyamaze. Kivinjari kimtembeze punda taratibu, na punda akifika, kivinjari ndicho kiulize: nipe nyingine. Akili itoe nyingine, inyamaze tena. Hakuna anayemngoja mwenzake, hakuna kinachoganda. Hata mtoto akiandika "rudia daima", punda atazunguka mpaka kiyama na kitufe cha kusimamisha bado kitabonyezeka. Ilinibidi nifumue karibu kazi yako yote na kuisuka upya. Kila nilipofumua niliacha yale maneno yako ya pembeni mahali pake.

Alasiri ambayo Punda alitembea mara ya kwanza, Swaleh alikuwa amerudi kutoka Ras Kitau kupeleka wageni, suruali imelowa hadi magotini. Nikamwambia kaa, andika. Hajawahi kuandika programu maishani mwake. Kwa kidole kimoja akaandika "enda elfu", akabonyeza. Punda akanyanyua mguu, akaenda, akaenda, akavuka mtanga wote, akatoka nje ya skrini. Swaleh akainama kutazama upande wa simu, kweli kabisa, pale pembeni, kama atamwona akichungulia.

"Amekwenda wapi?"

"Ametoka nje. Umemwambia aende elfu."

"Mwite arudi basi. Ndia gani hii isiyo na marejeo?"

Nikamwonyesha amri ya kurudi. Chai yake ikapoa. Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa amechora boti, haina mwisho wa nyuma, lakini ni boti.

Sasa nikupe ya darasani, maana najua hiyo ndiyo unayoitaka. Ile sauti ya kulia ilinisumbua, kwa kuwa kivinjari hakitoi sauti yoyote mpaka mtu akiguse kwanza. Ni adabu yake, kisije kikapiga kelele ovyo. Nikaweka kitufe chenye picha ya sikio: liguse sikio, Punda atasikika. Bwana Shee akafungua kipindi kwa dua na maneno machache juu ya teknolojia. Watoto wakagusa masikio wote kwa pamoja. Kisha msichana mmoja wa mbele akakosea amri, punda wake akalia, na darasa zima likagundua kwamba ukikosea unamsikia. Hakuna aliyetaka kupatia tena. Waliandika upuuzi mtupu, majina ya dada zao, majina ya vyakula, na tableti zote zikawa zinalia kwa mpigo kama zizi wakati wa kulishwa. Bwana Shee, aliyekuwa amesharudi ofisini, akatoka mbio na kofia mkononi. Akasimama mlangoni. Otieno akajikaza uso. "Twajifunza makosa, mwalimu," akasema, kwa Kiamu chake cha kujikongoja. Bwana Shee akaingia polepole, akachukua tableti ya karibu, akaandika jina lake. Ikalia. Akairudisha mezani kwa heshima zote, akatoka, na tulimsikia akicheka mpaka mwisho wa ukumbi.

Na ile hoja yako ya intaneti nimeijibu. Imebidi ufe ndiyo nikushinde, lakini nimekushinda. Ukurasa wa Punda ukifunguliwa mara moja penye mtandao, unajihifadhi wenyewe ndani ya simu. Baada ya hapo mtandao uwepo usiwepo, ni mamoja.

Nilikwenda kulijaribu hilo Kililana, ng'ambo bara, kwenye shule moja katikati ya mashamba, kwa mwalimu mmoja anayeitwa Bi Nyambura, aliyekuwa amesikia habari zetu kwa Otieno. Huko hakuna tableti. Bi Nyambura aliwaomba wazazi waje na simu zao, wakaja, wengine na jembe begani, simu zimepasuka vioo, moja imefungwa kwa mpira. Mtandao unashika mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, kwa hiyo tulijipanga pale kama watu wa kuteka maji, kila mmoja akafungua ukurasa, halafu tukaingia darasani ambamo hakuna hata mstari mmoja wa mawimbi. Ukurasa ungekuwa mweupe, ningewafanya wazazi wale wapoteze siku ya palizi kwa ajili ya skrini tupu. Na ningekusikia.

Nikasema, bonyezeni.

Walitembea wote. Punda kwenye kioo kilichopasuka, punda kwenye simu iliyofungwa mpira. Bi Nyambura akasema "Haki ya Mungu" kwa sauti ndogo, kisha akaenda kusimama nyuma ya watoto na hakurudi mbele tena. Kulikuwa na msichana mmoja, Wairimu, mkimya, ambaye aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, mwisho akachora winchi za bandari mpya, zile ndefu zinazoonekana kutoka shambani kwao. Kipindi kilipokwisha akaja na simu ya mama yake ameikumbatia kifuani. "Madam, naweza kwenda naye nyumbani?"

Nikamwambia ndiyo. Nikageuka nikajifanya natafuta kitu mkobani. Watoto wetu wa kwanza, Mwende, kila jioni walikuwa wanazima kompyuta na kumwacha Punda pale pale. Huyu alitoka naye getini, akapita naye katikati ya mihogo, na mama yake nyuma anamwambia aangalie anapokanyaga.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenu Mwingi. Ulipozikwa sikuweza kuja. Tumbo langu lilikuwa kubwa na daktari alikataza safari ya barabara, na mwezi huo huo binti yangu alizaliwa. Sasa anatembea. Nikamwacha kwa mama yangu, nikapanda basi, nikafika nimejaa vumbi kuanzia kope hadi visigino. Kasyoka alinipokea kituoni, na kwa mbali nilidhani ni wewe, na wote wawili tukajua nimedhani hivyo, tukashikana mikono tukaenda.

Kaburi lako ni zuri. Wamepanda maua ya njano. Nilisimama nikasoma ninayoyasoma kwa watu wangu, na mama yako alisimama kando yangu akaimba ya kwenu, taratibu, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Halafu akanishika kiwiko. "Sasa kaa hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "unionyeshe alikuwa akifanya nini huko baharini miaka yote hiyo. Alikuwa ananieleza kwa simu, nilikuwa naitikia tu."

Tukakaa kwenye viti nje ya nyumba. Nikamfungulia. Akaiweka simu mbali na macho, akaisogeza, akamwona.

"Ing'oi," akasema. Punda. "Mbona hana mitungi?"

Nikamwambia huyu habebi maji, anachora. Nikaandika amri chache, Punda akatembea akachora nyumba, na mama yako akawa anafuata kwa kidole bila kugusa kioo, akicheka kifuani, kicheko ambacho kumbe umekitoa kwake. Akaniuliza ameambiwaje pale alipopinda. Nikamwambia kulia. Akauliza tena, nikaonyesha mkono. "Aa," akasema, "aume."

Nikashtuka, nikamwomba arudie. Aume. Kumbe kwenu mkono wa kulia ni wa aume.

Nikamsimulia basi. Siku moja ulipokuwa unafundisha, uliandika ubaoni "pinda kulia", na Fatma binti wa seremala akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, punda alie kwa nini?" Darasa likacheka, ukacheka nao, kisha ukawauliza hapa Amu wazee wanausemaje mkono huo, wakakuambia kuume. Jioni hiyo hiyo uliongeza kuume kwenye lugha ya Punda, likakaa pamoja na kulia, na mtoto yeyote anatumia atakalo. Ulikuja dukani kuniambia ukiwa umefurahi kupita kiasi, na mimi sikuelewa neno moja linakufurahishaje hivyo. Hukuniambia kwamba uliposikia kuume ulimsikia mama yako.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kasyoka alikuwa anamtafsiria palipokuwa pagumu. Simu ilikuwa imelala mapajani mwa mama, Punda amesimama anangoja. Kisha akaniuliza, "Na nikimwambia kwa Kikamba, ataelewa?"

Nikamwambia hataelewa. Atalia.

"Basi mfundishe," akasema. "Asije akalia bure, na hapa ni kwao."

Sikuwa na haja ya kufikiri. Zamani ingekuwa kazi ya kuzunguka kila kompyuta na kuipandishia programu upya. Sasa nikiongeza maneno mahali pamoja, yanafika Amu, Kililana na Mwingi, simu zote, zikishapita tu penye mtandao. Tulianza pale pale. Mama akawa anasema, Kasyoka anaandika kwa herufi sahihi, mimi naingiza. Kwa "rudia" wakabishana, mama anataka neno moja na Kasyoka lingine, wakapandishiana sauti, jirani akaitwa aamue, jirani akaleta neno la tatu. Nimeyaingiza yote matatu. Ndivyo ambavyo ungefanya.

Nimerudi nyumbani. Kikombe chako kiko kwenye rafu. Otieno alikinyoshea mkono siku moja, nikamtazama, akachukua kingine. Ana adabu. Ungempenda, na mngegombana.

Nakuaga sasa, maana kuna mtu mlangoni anataka kuchapisha barua. Mungu akulaze mahali pa raha, kwa jina lolote unalomwitia huko. Nami nakuahidi, Mwende: maadamu nina macho ya kuona skrini, Punda hatakosa wa kumtengeneza, na popote mtoto atakapomsemesha kwa lugha ya nyumbani kwao, Punda akashindwa kuelewa, nitakwenda kwa mama wa mtoto huyo, nitakaa kwenye kiti atakachonipa, nami nitauliza hilo neno linasemwaje.

Rafiki yako,
Zena
Amu